Konokono na Miche: Kuondoa Dhara Pasipo Kuleta Dhara

Jamaa zetu wa Pwani waliohamia Eldoret kwa kazi, biashara au masomo hukuta huko neema ambayo mchanga wa kwetu hautoi kwa wepesi: udongo wenye rutuba, na mvua ianzayo Machi ikaendelea hadi Septemba. Ua dogo nyuma ya nyumba latosha kuipatia familia sukuma wiki, mnavu na dania. Lakini mji ule uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una baridi na umande, hali aipendayo konokono na nduguye asiye na gamba, koa. Miche iliyopandikizwa alasiri, asubuhi huwa imebaki vishina vitupu.

Kwanza tumtambue mharibifu. Konokono na koa hula usiku, wakaacha majani yenye matundu na njia ya ute unaong'aa. Mche uliokatwa shinani na kuangushwa, pasipo ute wowote, mara nyingi ni kazi ya kiwavi aitwaye sota.

Huenda mtu akauliza: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba apandaye mmea, kinacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka yake, je, twaruhusiwa kuwaua viumbe hawa? Naam, kwani thawabu ya kilicholiwa haimzuii mzazi kulinda riziki ya wanawe. Lakini mafakihi wameweka kanuni kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake, seuze kwa lililo kubwa zaidi.

Chukua mfano wa chumvi. Humuua konokono kwa kumkausha polepole, ilhali tumeamrishwa ihsani hata katika kuua. Kisha hubaki udongoni ikaidhuru miche ile ile. Kubwa kuliko hilo ni chembe za sumu ya metaldehaidi zinazouzwa katika maduka ya pembejeo. Zimechanganywa na chambo, basi huwavutia pia paka na mbwa, na mtoto mchanga aweza kuzidhania peremende. Akilaye sumu hiyo hupatwa na degedege na huenda akafa. Uingereza ilipiga marufuku kuitumia bustanini mwaka 2022. Sisi tujuao kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, tusiione sumu ya uani kuwa jambo dogo.

Njia salama zipo. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili usiku uso wa udongo uwe mkavu. Weka kitalu juu ya meza, wala usipandikize kabla mche haujapata majani manne hadi sita. Kila mche uzungushie kipande cha chupa ya plastiki iliyokatwa juu na chini, ukididimize kidogo udongoni, baada ya kuhakikisha hakuna koa ndani. Laza ubao au gunia bichi kando ya tuta. Asubuhi utawakuta wamejificha chini yake. Baada ya Isha, waokote kwa tochi. Vaa glovu, na mboga zioshwe vyema, kwani konokono aweza kubeba minyoo itokanayo na panya, yenye kumdhuru binadamu. Uliowakusanya waponde mara moja, au wape bata.

Majivu hufaa yakiwa makavu tu. Mvua moja huyamaliza. Ama maganda ya mayai, jaribio la Royal Horticultural Society ya Uingereza lililotangazwa mwaka 2018 halikuona kuwa yanapunguza uharibifu.

Ulinzi huu ni wa wiki chache tu. Mche ukishashika mizizi na kupanda juu, hauuawi na jani moja kuliwa. Hapo mwachie konokono fungu lake, nawe ulihesabu katika sadaka. Wabillahi tawfiq.