Kasumba hutoka mbali, mraibu ni wetu

Walimu hupenda kuwaonya wanafunzi juu ya kasumba ya kikoloni. Ni wachache wakumbukao kwamba kasumba, kabla ya kuwa mawazo potovu, ni afyuni yenyewe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya afyuni duniani ilitoka Afghanistan, nchi iliyoandamwa na vita kuanzia 1978, ambako mkulima alilima kile ambacho mnunuzi alikifuata shambani hata barabara zilipofungwa. Hugeuzwa heroini, ikasafirishwa kwa majahazi hadi Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia ilinasa kilo 1,032 katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Agosti mwaka huo serikali yetu ikailipua meli ya Al Noor baharini, na picha zikapendeza magazetini.

Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo hicho. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa kimepungua kwa asilimia 95. Je, kijana wa Ayany, pale Kibera, aliyekwisha kutekwa na unga, alipona kwa hilo? La hasha! Kimfaacho ni methadoni, iliyoanza kutolewa katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na vituo vingine vikafuata. Lakini dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na Mathari iko upande wa pili wa jiji. Asiye na kazi atatoa wapi nauli ya kwenda na kurudi, siku thelathini kwa mwezi? Baruti ya kulipulia meli ilipatikana upesi.