Mgongo Uliopinda

Je, bega moja la mwanao liko juu kuliko jingine? Mwambie ainame, viganja vikutane. Simama nyuma yake utazame. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka, huenda uti wa mgongo umepinda. Huo si uchawi. Mpeleke kituo cha afya.

Mara nyingi chanzo hakijulikani. Lakini kibiongo chenye maumivu, homa za jioni na kukonda chaweza kuletwa na kifua kikuu cha mifupa. Huku Runzewe, karibu na machimbo ya dhahabu, kifua kikuu si kigeni. Dawa zake hutolewa bure. Humezwa miezi mingi bila kuacha. Miguu ikianza kulegea, usingoje.

Tiba hufuata ukubwa wa kupinda. Kupinda kidogo huangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Mtoto anayekua huweza kuvishwa mkanda mgumu. Kukizidi nyuzi 45 au 50, daktari huweza kushauri upasuaji. Mgongo hunyooshwa na kushikizwa kwa vyuma. Kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Upasuaji una hatari zake: kupoteza damu nyingi, kidonda kuingiwa na vijidudu, chuma kukatika, na mara chache miguu kupooza. Muulize daktari: Tukipasua tutapata nini? Tusipopasua itakuwaje?

Sasa unajua kusoma. Isome karatasi ya kukubali upasuaji, ndipo utie sahihi.