Kenge wa Vigae na Wenye Mtaa

Mtu akipanda kilima cha mtaa wa La Salut mjini Barcelona, nchini Hispania, akatokeza mbele ya lango la bustani iitwayo Park Güell, huenda akadhani kwamba waliojenga mahali pale walikuwa watoto waliopewa ruhusa ya kuchezea mawe na chokaa. Kandokando ya lango zimesimama nyumba mbili za mawe ya rangi ya udongo, mapaa yake yamepindapinda, nayo yamefunikwa vigae vyeupe mithili ya sukari iliyomwagwa juu ya maandazi. Moja ina mnara mwembamba wa mabaka ya buluu na meupe. Ndani ya lango, katikati ya ngazi pacha, ametulia kenge mkubwa wa rangi nyingi, mdomo wazi, akitema maji. Kila mgeni hutaka kupigwa picha pamoja naye, na mimi, licha ya umri wangu, sikujizuia.

Nakiri kwamba nilikwenda pale nikiwa na kinyongo. Jengo la mzaha huchekesha mara ya kwanza, na mara ya pili huudhi, hasa kwa yule anayelazimika kulifagia kila asubuhi. Nilirudi nikiwa na fikra nyingine, na ndizo ninazotaka kumweleza msomaji.

Kwanza, bustani hii haikukusudiwa kuwa ya wananchi hata kidogo. Mwaka 1900 tajiri mmoja mwenye viwanda vya nguo, Eusebi Güell, alimpa msanifu majengo Antoni Gaudí kazi ya kugeuza shamba la kilimani kuwa mtaa wa matajiri wenzake: viwanja 60 hivi, kila kimoja na nyumba yake na bustani yake, vyote ndani ya ukuta mmoja wenye mabawabu. Mfano wake ulikuwa mitaa ya bustani ya Uingereza, ndiyo sababu neno “Park” likaandikwa Kiingereza katika mji wa Wakatalani. Masharti ya mkataba yalikuwa magumu. Mnunuzi aliruhusiwa kujenga juu ya sehemu moja tu kati ya sita za kiwanja chake. Tena mahali palikuwa mbali na mji, na usafiri ulikuwa wa taabu. Matajiri walitazama, wakasifu, wakarudi zao mjini. Zilipatikana nyumba mbili tu. Moja ilikuwa ya wakili mmoja rafiki wa Güell; ya pili ilijengwa kama kielelezo cha kuwavutia wanunuzi, na mnunuzi alipokosekana Gaudí mwenyewe akaichukua mwaka 1906, akaishi humo takriban miaka 20.

Kazi ilisimamishwa mwaka 1914. Güell akafariki mwaka 1918, na mwaka 1922 baraza la mji likanunua kilima chote kutoka kwa warithi wake. Mwaka 1926 malango yakafunguliwa kwa watu wote. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Gaudí aligongwa na tramu mjini. Kwa vile mavazi yake yalikuwa yamechakaa, waliomwona walidhani ni maskini tu asiye na wenyewe. Siku tatu baadaye akafa. Kwa hiyo kile tunachokisifu leo ni mabaki ya biashara ya viwanja iliyoshindwa, na laiti ingefaulu, wewe nami tusingevuka mlango wa bawabu.

Tukishalijua hilo, na tuutazame mzaha wenyewe. Kilima hiki watu wa zamani walikiita Mlima wa Kipara, kwa sababu kilikuwa mwamba na vichaka, maji hakuna. Msanifu mwingine angekisawazisha. Gaudí alikiacha na mikunjo yake, akapitisha njia zake kwa kuzungukazunguka, na palipokuwa na bonde akajenga madaraja kwa mawe yale yale yaliyochimbuliwa pale pale. Nguzo za madaraja hayo zimeinama kama minazi ya ufukweni, na mtu hupita chini yake akiogopa kidogo. Lakini hazikuinamishwa kwa ajili ya kumtisha mpitaji: zimelala kuelekea upande ule ambako uzito wa udongo unasukuma, ili ziuzuie bila kuhitaji ukuta mnene nyuma yake.

Juu ya ngazi za kenge kuna ukumbi wenye nguzo 86, uliokusudiwa kuwa soko la wakazi wale ambao hawakuja. Dari ya ukumbi ndiyo sakafu ya uwanja mpana ulioko juu yake. Uwanja huo haukusakafiwa. Ni mchanga na kokoto. Nilimsikia mgeni mmoja akinung'unika kwamba vumbi limemharibia viatu. Hakujua kwamba sakafu ile ni chujio. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani, hupenya tabaka za kokoto, kisha huteremka ndani ya nguzo zenyewe, ambazo katikati zimepitishiwa mabomba, mpaka katika birika lililofichwa chini ya ukumbi. Birika hilo liliundwa liweze kubeba mita za ujazo zipatazo 1,200 kwa kumwagilia miti ya kilima kikavu. Na likijaa? Ziada hutokea kinywani mwa kenge. Yule mnyama tunayemchekea ndiye mlango wa kufurikia wa tangi la maji! Mtu aliyekulia katika nyumba yenye birika la mvua hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu vigae, Wakatalani wana neno lao, trencadís, yaani vitu vilivyovunjwavunjwa. Mafundi walikusanya vigae vilivyoharibika viwandani, pamoja na sahani, vikombe na chupa, wakavipachika juu ya chokaa vipande vipande. Sababu yake ni nyepesi: kigae bapa hakikubali kulala juu ya mgongo uliopinda, bali vipande vyake hukubali. Nami nilipoinua macho katika ukumbi wa nguzo na kuona vitako vya sahani vimeng'aa darini, nilikumbuka makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi, ambako wazee wa pwani yetu walipachika bakuli za Kichina ukutani karne nyingi kabla ya Gaudí kuzaliwa mwaka 1852. Sisemi kwamba kuna uhusiano. Nasema tu kwamba sikujiona mgeni.

Mpangaji mkuu wa rangi hizo alikuwa msaidizi wa Gaudí, Josep Maria Jujol, na jina lake halistahili kusahauliwa kama linavyosahauliwa. Kazi yake iliyo bora, kwa maoni yangu, ni lile baraza refu linalouzunguka uwanja. Naliita baraza kwa sababu ndilo jina lake halisi: ni kiti cha kujengwa, cha kukalia watu wasiojuana. Urefu wake unapata mita 110, nalo linakwenda kwa mawimbi kama nyoka. Mawimbi hayo yamezaa vishubaka. Watu sita wakikaa ndani ya kishubaka hutazamana na kuzungumza, ilhali wa kishubaka cha pili wamewageuzia mgongo na hawawasikii. Mgongo wa kiti umepinda kufuata mgongo wa binadamu. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima, na kiuno changu, ambacho hunisumbua hata katika viti vya sebuleni, hakikulalamika.

Huko kukaa ndiko kulikonifanya niwaze habari ya fedha. Baba yake Güell alichuma utajiri wake wa mwanzo kule Kuba, enzi za utumwa. Baba mkwe wake, Antonio López, pia aliinukia Kuba, na jina lake limetajwa sana katika habari za biashara ya watumwa, hata baraza la mji likaiondoa sanamu yake mahali pa hadhara mwaka 2018. Bustani yenyewe haina maandishi makubwa ya kukumbusha hayo. Nje, katika mteremko wa kuelekea lango, vijana wa Kiafrika walikuwa wametandika shuka wakiuza miwani na vipuli, kamba za shuka mikononi, tayari kukusanya na kukimbia askari watakapotokea. Nilinunua kipuli nisichokihitaji.

Sasa tuje kwenye shauri linalowagombanisha watu wa mji ule. Kwa zaidi ya miaka 80 bustani ilikuwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Mwaka 1984 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni wakamiminika, wakawa mamilioni kila mwaka. Mwaka 2007 wahuni walimvunja kenge kinywa, ikabidi atengenezwe. Mwezi wa Oktoba 2013 mji ukaanza kutoza kiingilio katika sehemu ya katikati, kwa tiketi zenye saa maalumu, na baadaye eneo la malipo likapanuliwa. Wakazi wa mitaa ya jirani huingia bure kwa kujiandikisha, na asubuhi na jioni wametengewa saa zao. Lakini baadhi yao waliandamana, wakisema kwamba bustani ya umma yenye tiketi si ya umma tena, na kwamba mtu hapaswi kuonyesha karatasi ili akae barazani kwake. Hata basi dogo nambari 116, linalowapandisha wazee kilimani na vikapu vyao vya sokoni, lilijaa wageni kiasi cha wenyeji kukosa nafasi. Mwaka 2024 njia yake ikaondolewa katika ramani za simu za Google ili wageni wasiione.

Nimelitafakari shauri hili pande zote mbili, na siwezi kujifanya kwamba ni jepesi. Vigae havijirudishi vyenyewe vikidondoka, na nyayo za mamilioni hula hata jiwe. Hata hivyo, moyo wangu uko na wenye mtaa. Mimi niliyetoka mbali nalipaswa kulipa, nami nililipa. Ila kilima hiki kiliwahi kuzungushiwa ukuta mara moja kwa ajili ya wachache, na ukuta huo uliondolewa kwa fedha za mji. Kama mji unaona lazima kuurudisha kwa namna ya tiketi, basi mapato yote yaonekane katika mitaa inayobeba mzigo: katika mabasi, katika ngazi, katika kodi za nyumba zinazowahamisha wazee.

Jua lilipokuwa likitua upande wa vilima vya Collserola, wageni walianza kuteremka. Bibi mmoja mwenye mkongojo alikuja kinyume chao, mkoba wa mkate kwapani, akaonyesha kadi yake langoni bila kusimama, akapanda polepole hadi uwanjani. Alipangusa kigae kwa kiganja, akakaa katika kishubaka cha tatu kutoka kona, akautazama mji na bahari. Punde mzee mwingine akaja akakaa mkabala naye, na mazungumzo yao, kwa jinsi nilivyoyasikia, yalikuwa yameanza siku nyingi kabla.