Taa Ichezapo Nyumbani

Jambo hili hutokea mara nyingi katika nyumba za Kariakoo na ghorofa za Posta. Sala ya Magharibi imekwisha, watoto wameketi na misahafu na madaftari yao, mara taa ndefu ya dari yaanza kuwaka na kuzimika. Mama achelea moto. Baba atoa fedha ikanunuliwe tyubu mpya. Ikiisha kufungwa, nayo yacheza vile vile. Fedha imekwenda, na dhiki imebaki pale pale.

Asili ya hasara hii ni kutojua kazi ya kila kifaa. Ndani ya tyubu mna mvuke kidogo wa zebaki. Umeme uupitapo hutoa nuru isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza kuwa mwanga. Lakini tyubu haijiwashi. Stata, kile kikopo kidogo cha kuzungusha, huziacha ncha zake zipate moto, kisha hukata mkondo ghafula. Hapo choki hutoa msukumo uiwashao taa. Stata ikichoka, hujaribu tena na tena bila kufaulu.

Basi, ewe msomaji, kwanza tazama taa nyingine. Zikicheza zote, ila i katika njia ya umeme: wapelekee habari TANESCO au fundi. Ikicheza moja tu, zima swichi kuu. Ile ya ukutani haitoshi, kwani huenda haikufungwa kwenye waya wa moto. Taa ikipoa, izungushe tyubu polepole ikae sawa, maana hewa ya bahari hutia kutu vishikizo. Kisha badili stata, ambayo ndiyo rahisi kwa bei; waweza kuijaribu ya chumba kingine yenye kipimo hicho hicho. Haikufaa? Tazama ncha za tyubu: zikiwa nyeusi, imezeeka. Yote yakishindikana, au ukisikia harufu ya kuungua, usiguse zaidi, mwite fundi. Wala usiiache ikicheza usiku kucha, kwani choki hupata moto.

Tyubu ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha, usifagie. Okota vipande kwa karatasi ngumu, pangusa kwa kitambaa kibichi, ufunge vyote katika chombo. Zebaki ni sumu. Kwa ajili hiyo, mwaka 2023 mataifa ya Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, yaliafikiana kukomesha utengenezaji na biashara ya taa hizi ifikapo mwisho wa 2027. Yako ikifa kabisa, nunua ya LED, na fundi aifunge.

Lakini leo usiitupe iliyo nzima kwa kosa la stata. Huo ni israfu, na israfu haikujenga nyumba.