Tom Flores: Mtoto wa vibarua aliyekuwa kocha bingwa

Mwezi huu ukurasa wetu wa michezo unavuka bahari mpaka Marekani. Kule wakisema "futiboli" hawana maana ya kabumbu letu hili. Mpira wao una ncha mbili, unashikwa kwa mikono, na wachezaji ni 11 kila upande. Mmoja wao ndiye mpangaji: anapokea mpira, anatazama nani yuko wazi, halafu anamrushia. Wanamwita kotabeki. Huyo akivurugika, timu nzima imekwama.

Tom Flores alikuwa kotabeki. Alizaliwa mwaka 1937 huko California, katika familia yenye asili ya Mexico. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani, na yeye pia utotoni alifanya kazi mashambani.

Aliachwa, halafu akaugua

Alipotoka chuoni, timu mbili zilimjaribu zikamwacha: Calgary ya Kanada mwaka 1958, na Washington mwaka 1959. Hakurudi nyuma. Mwaka 1960 ilianza ligi mpya, na Oakland Raiders wakamchukua.

Mwaka 1962 akapatwa na kifua kikuu. Msimu mzima hakucheza, na timu yake ilishinda mechi moja tu kati ya 14. Wengi walidhani jamaa amekwisha. Lakini alitibiwa, akapona, akarudi. Desemba 1963, dhidi ya Houston, alirusha pasi 6 za kufunga katika mechi moja! Raiders walishinda 52 kwa 49.

Akiwa mchezaji wa akiba wa Kansas City, alipata ubingwa wa Super Bowl Januari 1970. Baadaye akawa kocha msaidizi wa Raiders, na mwaka 1979 akapewa timu yote.

Hakusahau alikotoka

Katika timu hiyo alikuwemo Jim Plunkett, kotabeki ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa vipofu. Timu ya San Francisco ilikuwa imemwacha mwaka 1978, na kwa Raiders alikaa benchi. Mwaka 1980 kotabeki wa kwanza alivunjika mguu. Plunkett akaingia. Kocha aliyewahi kuachwa akamwamini mchezaji aliyeachwa, na Januari 1981 wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Philadelphia 27 kwa 10. Januari 1984 wakarudia, 38 kwa 9 dhidi ya Washington. Flores ndiye kocha wa kwanza kutoka jamii za wachache Marekani kushinda Super Bowl.

Siyo kila kitu kilikwenda vizuri. Akiwa kocha wa Seattle, 1992 hadi 1994, alishinda mechi 14 na kupoteza 34. Hata heshima ilichelewa: aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2021, akiwa na miaka 84.

Tunajifunza nini?

Wazazi, mtoto akiachwa kwenye timu au akifeli mtihani, msimwambie basi imekwisha. Nanyi vijana mliopata nafasi, mtazameni na yule aliyekaa benchi. Tena, mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asijifiche kwa aibu. Aende zahanati apimwe, na akianzishwa dawa azimalize zote. Kifua kikuu kinapona.

Mvumilivu hula mbivu. Tuonane mwezi ujao!