Shule Yetu ya Zamani na Picha za Marekani

Watu waliosoma pamoja mjini Goma wakikutana leo, iwe arusini, iwe matangani, hawamalizi kikombe cha kwanza cha chai kabla hawajakumbushana mambo mawili. La kwanza ni mwalimu fulani, ambaye fimbo yake ilikuwa na jina. La pili ni picha ziendazo: kwanza zile za misioni zilizomulikwa juu ya shuka jeupe, halafu zile za televisheni, na nyingi katika hizo zilitoka Marekani. Mgeni akiyasikia maongezi hayo hustaajabu. Watu wenye mvi, wengine mahakimu, wengine masista, wacheka hata machozi yawatoke kwa ajili ya simba mwenye makengeza!

Sisi nasi tu wa kundi hilo, wala hatuoni haya. Lakini tumejiuliza mara nyingi kwa nini mambo hayo mawili yamefungwa pamoja katika mzigo mmoja wa kumbukumbu. Jibu tulionalo ni hili: yote mawili tuliyapata tukiwa wengi pamoja. Ubao ulikuwa mmoja, nasi tulikuwa hamsini mbele yake. Shuka lilikuwa moja, na mtaa mzima ulikaa chini kulitazama. Kumbe tunachokitamani si fimbo ya mwalimu wala farasi wa Mmarekani, bali ni wale tuliokaa nao bega kwa bega.

Wazee wetu ndio walioanza. Zamani za Wabelgiji, mtu mweusi hakuruhusiwa kutazama kila sinema. Picha zilichunguzwa kwanza, na zile zilizodhaniwa kuwa zitamchafua moyo au kumtia kiburi zilizuiwa. Basi wamisionari wengine wakaona ni heri watengeneze picha zao wenyewe. Huko Kasai, Padre Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, aliwatoa Matamata na Pilipili, wachekeshaji wawili Wakongo ambao watu hupenda kuwafananisha na Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene wa sinema za Marekani. Padre Alexandre Van den Heuvel, wa shirika hilo hilo, alitengeneza picha za kuchora za Mboloko, paa mdogo awashindaye wanyama wakubwa kwa akili, ndugu yake kabisa sungura wa hadithi zetu. Na karibu nasi zaidi, mjini Bukavu, Mapadre Weupe walikuwa na kazi yao iliyoitwa Africa Films, ambayo Padre Roger De Vloo aliishughulikia.

Mtu aliyependwa kuliko wote katika sinema za namna hiyo, kadiri tulivyosimuliwa, hakuonekana katika picha hata mara moja. Ni mfasiri. Alisimama kando ya mashine, akayageuza maneno ya Kifaransa kuwa Kiswahili, naye hakukubali kufungwa na maneno ya mwenyewe. Mpanda farasi akifungua kinywa na kusema maneno matatu, mfasiri alitoa mahubiri mazima, pamoja na onyo kwa wale waliochelewa kulipa karo. Watu walicheka, na asiyejua Kifaransa hata kidogo alirudi nyumbani akidhani ya kuwa watu wa Texas nao huadhibiwa wasipojifunza katekisimu.

Wakubwa waliziogopa picha za kuboi, na hatuwezi kusema waliogopa bure. Mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Mabill kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama walivyoona katika sinema, wakajitungia lugha yao, wakagawana mitaa kama falme, na ngumi hazikukosekana. Padre mmoja wa Scheut, Jef de Laet, hakukaa mbali akawalaani. Aliingia kati yao, akajifunza lugha yao, hata wakamwita Padre Buffalo. Kwa maoni yetu alifanya kazi kubwa kuliko wachunguzi wote wa picha, maana alitambua ya kuwa kijana avaaye kofia ya kuboi anatafuta kundi la kukaa nalo.

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwezi wa Novemba 1966. Goma ni mbali na Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege, tena saa zetu hutangulia zao kwa saa moja. Hata picha zilipoanza kutufikia, habari za saa mbili ya usiku ya Kinshasa kwetu zilikuwa za saa tatu, wakati ambapo mtoto mwema alipaswa kuwa amelala. Wangapi kati yetu walikuwa watoto wema saa hiyo? Tulijazana katika nyumba ya jirani mwenye televisheni, viatu vikiwa lundo mlangoni, na waliokosa nafasi ndani walitazama dirishani, wakiwasimulia walio nyuma yao. Tulivumilia kumwona Rais Mobutu akishuka kutoka mawinguni, kama ilivyokuwa desturi kabla ya habari. Tulivumilia hotuba na ngoma za chama. Yote hayo tuliyavumilia kwa kutumaini kwamba picha ya kizungu itafuata. Asubuhi yake, yule aliyeiona yote hadi mwisho alikuwa mfalme wa uwanja wa shule, na aliyekuta amesinzia katikati alinunua mwisho wa hadithi kwa muwa au karanga.

Na shule yenyewe je? Tusiifanye kuwa paradiso. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku: tuliondoka nyumbani na jina moja, tukaandikwa darasani kwa jina jingine, na mama zetu waliendelea kutuita kwa lile la ubatizo, mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 1974 Noeli iliacha kuwa sikukuu ya serikali, na mwisho wa mwaka huo shule za misioni zilitwaliwa na dola. Somo la dini liliondolewa, tukafundishwa mawazo ya Rais. Zilirudishwa mikononi mwa Kanisa na madhehebu mengine kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977, na wale waliozipokea watakumbuka hali waliyozikuta nayo, madawati yamevunjika na vitabu vimetawanyika. Hata hivyo, mtu aliyesoma katika miaka hiyo hukumbuka kicheko mapema kuliko njaa. Ajabu ya moyo wa binadamu!

Sasa turudi kwa simba wetu. Jina lake ni Clarence, na mchezo wenyewe wa televisheni uliitwa Daktari, ndiyo, kwa neno letu la Kiswahili lisilobadilishwa hata herufi. Ulionyeshwa Marekani tangu mwaka 1966 hadi 1969, baadaye ukafasiriwa Kifaransa, na kwa njia hiyo ukawafikia wasemaji wa Kifaransa wa nchi nyingi. Ulisimulia habari za mganga wa wanyama, Marsh Tracy, akaaye porini Afrika ya Mashariki pamoja na binti yake, simba mwenye makengeza na sokwe jike aitwaye Judy. Tulipokuwa wakubwa tuligundua kwamba pori lile lilikuwa shamba la wanyama huko California, si mbali na Los Angeles. Simba hakupata kuiona Afrika.

Wako wanaokasirika wakisikia hayo. Husema tulidanganywa, na kwamba Wamarekani walijitengenezea Afrika yenye wanyama wengi na watu wachache. Neno lao lina haki ndani yake. Lakini sisi twakumbuka pia kwamba katika mchezo ule alikuwamo mtu mweusi, Mike Makula, aliyechezwa na Hari Rhodes, Mmarekani mweusi. Naye hakuwa mbeba mizigo, bali mtu wa elimu afanyaye kazi pamoja na mganga. Mwaka huo huo wa 1966, katika mchezo mwingine uitwao Star Trek, Nichelle Nichols alitokea akiwa ofisa wa chombo kisafiricho kati ya nyota, jina lake Uhura, na jina hilo limetokana na uhuru, neno la Kiswahili pia. Bibi huyo alisimulia mara nyingi ya kuwa alitaka kuiacha kazi hiyo, na Martin Luther King mwenyewe ndiye aliyemsihi abaki. Fikiri, ndugu msomaji: lugha ambayo tuliadhibiwa tuliposikika tukiisema katika uwanja wa shule, mahali pa Kifaransa, ilikuwa inasafiri kati ya nyota na kutumwa kwetu tena kutoka Marekani! Mwalimu wetu hakutuambia jambo hilo. Huenda naye hakulijua.

Kwingineko duniani, mtu aonaye hamu ya utoto wake huenda kuitazama shule yake ya zamani. Agusa ukuta, aingia darasani, na kushangaa jinsi madawati yalivyo madogo. Sisi wa Goma wengi hatuna ukuta wa kugusa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, na shule nyingi pamoja nalo. Mji ulijengwa upya juu ya yale makoro meusi, wakati mwingine paa la zamani likiwa chini ya sakafu mpya. Tunapowaonyesha watoto wetu mahali tulipojifunza kusoma, tunawaonyesha jiwe. Pamoja na kuta ziliteketea rejesta, vyeti, na zile picha za darasa zilizotundikwa katika ofisi ya mkuu wa shule.

Na mlima haukutulia, wala watu hawakutulia. Mwezi wa Mei 2021 moto ulishuka tena hadi pembezoni mwa mji. Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia Goma, waasi wa M23 wakautwaa mji, na milango ya shule ikafungwa. Kabla ya hapo madarasa mengine ya mkoa wetu yalikwisha geuka kuwa malalo ya wakimbizi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2020 alikuta kwanza ugonjwa wa korona, halafu mlima, halafu vita. Picha za Marekani anazo, tena nyingi kuliko sisi, katika simu ya kaka yake. Huzitazama peke yake, na kuzima nguvu ya simu iishapo. Alichopungukiwa ni wale hamsini wa kukaa nao mbele ya ubao mmoja mwaka mzima bila kutawanywa. Hilo ndilo linalotusumbua sisi wazee tunapocheka juu ya Clarence, maana hamu yetu yenyewe ni mali ambayo wao huenda wasirithi.

Tulipokuwa katika maongezi ya namna hiyo hivi karibuni, mama mmoja alileta picha ya darasa iliyosalimika mwaka 2002 kwa sababu alikuwa ameikunja ndani ya kitabu cha sala alichokimbia nacho. Imefifia, na mkunjo umepita katika nyuso mbili. Tuliizungusha mezani, tukaandika majina nyuma yake kwa kalamu: la ubatizo, lile la mwaka 1972, na lile la utani. Waliofariki tuliwatia msalaba. Tulipata majina ya wote isipokuwa watatu. Basi wewe uliye na picha kama hiyo, itoe kabatini juma hili, ukaipeleke kwa mtu uliyesoma naye aliye mzee kuliko wewe, na kalamu mkononi.