Kicheko cha Gredi ya Kwanza Bute

Bute ni makao makuu ya Wajir Kaskazini, mji ulio karibu na mpaka wa Ethiopia, na wengi wa wenyeji wake ni Waajuran, Wasomali ambao nyumbani huzungumza Kiborana. Mtoto wa hapo akipelekwa chekechea tayari ana Kiborana cha mamake, Kisomali cha sokoni na Kiarabu cha duksi, yaani shule ya Kurani. Shule nayo inamwongezea Kiswahili na Kiingereza kwa mpigo. Lugha tano katika kichwa cha mtoto wa miaka sita hazikosi kugongana, na zikigongana darasa zima huangua kicheko. Wapo wanaokiona kicheko hicho kuwa kero inayopoteza muda wa kipindi. Mimi nashikilia kwamba ni desturi ya jamii yenyewe imeingia darasani, na kwamba mwalimu wa wadogo akiipokea atafundisha vizuri zaidi kuliko akiizima.

Wafugaji wa Bute humlea mtoto kwa maneno. Jioni, mifugo ikisharudi zizini, watoto hutegeana vitendawili, ambavyo Waborana huviita hibbo. Anayeshindwa huchekwa, na kesho yake hurudi na cha kwake cha kulipiza. Kuna pia abtirsi, orodha ya babu na babu wa babu, majina kumi na zaidi, ambayo mtoto wa Kisomali hufunzwa kuishusha bila kusita mtu mzima akimuuliza yeye ni wa nani. Halafu kuna lakabu. Majina ni yale yale, Mohamed, Abdi, Hassan, Halima, kwa hiyo mmoja ataitwa Dheere kwa urefu wake na mwingine Gaab kwa ufupi. Cheo hakimkingi mtu: Siad Barre aliitwa Afweyne, yaani mwenye mdomo mkubwa, na Mohamed Abdullahi, rais wa Somalia kuanzia 2017 hadi 2022, dunia inamjua kwa lakabu ya Farmaajo, jibini, aliyoirithi kwa babake. Mwalimu anayetoka Kakamega au Kitui hawezi kutarajia kubaki “Mwalimu” tu. Watoto watampa jina kwa mwendo wake au kwa anavyoshika chaki, na huenda akawa wa mwisho kulijua. Asiudhike. Kupewa lakabu ni kuhesabiwa kuwa mtu wa hapo.

Sasa tuingie Gredi ya 1. Kisomali hakina sauti ya p, na mtoto aliyezoea hivyo husoma b mahali pake. Mpe sentensi “Papa ana meno makali” na utamsikia akisoma, kwa sauti kubwa na kwa kujiamini kabisa, kwamba baba ana meno makali. Wenzake watacheka hadi waegemee madawati, na watakuwa wameonyesha jambo kubwa: wameielewa sentensi. Mtoto asiyejua maana hana la kumchekesha. Au chukua hesabu: Ali ana mbuzi sita, ameuza wanne, amebaki na wangapi? Kwa mtoto wa Bute swali la kwanza si wangapi. Atataka kujua Ali amepatwa na nini, kwa maana mwenye mbuzi sita hauzi wanne hivi hivi, na kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022. Atauliza pia kama waliouzwa ni madume, kwa sababu jike la kuzaa huuzwa shida ikizidi. Darasa litacheka kwamba mwenzao amegeuza hesabu kuwa soko. Lakini ndani ya mzaha huo mna ujuzi wa uchumi ambao kitabu hakikuutaja, na mwalimu akiuliza “Ungekuwa wewe ungeuza yupi?” atapata mjadala wa Kiswahili uliojaa makosa na uliojaa maarifa. Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 1 kote nchini mwaka 2019, unataka somo lianzie kwenye mazingira ya mtoto. Hapa mazingira yamekuja yenyewe.

Wazazi wengi hawatakubaliana nami, na hoja yao ina uzito. Katika duksi mtoto huketi chini ameshika ubao wa mti, aya imeandikwa kwa wino wa makaa, na anaisoma kwa sauti mpaka imkae moyoni. Hapo ubao huoshwa, aya nyingine ikaandikwa. Maalim hachezewi. Kwa nini basi shule iwe mahali pa mzaha? Nadhani kazi hizi mbili hazifanani. Neno la Mungu huhifadhiwa lisibadilike hata herufi, kwa hiyo kosa halina nafasi. Kiswahili cha mtoto mdogo hakiji ila kwa kukosea mbele za watu, na anayeogopa kukosea atanyamaza. Isitoshe, mtoto anayejua utulivu wa duksi anajua kutofautisha mahali na mahali. Anayedhani kicheko kitaondoa adabu na kwamba kiboko kitairudisha akumbuke kuwa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001.

Hoja ninayoiogopa zaidi ni nyingine: kicheko huumiza. Msichana mwenye haya akichekwa mara mbili anaweza kumaliza muhula bila kufungua kinywa. Na katika kaunti ambayo koo zilimwagana damu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzaha ukigusa ukoo wa mtu si mzaha tena. Hapo mwalimu lazima akate mara moja, bila kubembeleza. Kwa mengine, dawa imo katika hibbo yenyewe: aliyeshindwa hupata zamu ya kutega. Aliyesoma “baba” apewe nafasi ya kulitegea darasa, na kicheko kitamzunguka kila mmoja badala ya kumkalia mmoja.

Wengine wataniambia kwamba kuzungumzia furaha huku ni kusahau hali ilivyo. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililokuwa likitoka Mandera waliuawa, walimu wengi wakiwa miongoni mwao, na baadaye walimu wengi wa kutoka nje walikataa kurudi kaskazini mashariki. Vijana waliomaliza kidato cha nne ndio walioshika chaki katika madarasa mengi. Sisahau hata kidogo. Vijana wale hawakuwa na vyeti vya ualimu, lakini walikuwa na kitu ambacho chuo hakitoi: walijua watoto wanacheka nini, na kwa nini. Mwalimu mwenye cheti anayepangiwa Bute leo anastahili kukipata kabla ya kufungua kitabu. Wiki moja ingemfaa, akijifunza salamu za Kiborana, akisikiliza abtirsi kwa wazee, akiketi jioni watoto wanapotegeana hibbo. Jumatatu angeingia darasani akijua ni nani mtegaji hodari na ni nani hukaa pembeni, na angejua zamu ya kwanza ya kusoma ampe yupi.